Simu Ambayo Haikukatwa

Fundi wa makochi huishi na misumari mdomoni. Si ushamba, kazi ndivyo ilivyo. Mkono mmoja umevuta kitambaa, mkono wa pili umeshika nyundo, sasa misumari utaishika na nini kama si midomo? Unautoa mmoja kwa ulimi, unaupigilia, unautoa mwingine. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Misumari, na ndiyo maana yeye na mkewe walikuwa na lugha yao wenyewe. Mke akisema neno, mume hajibu kwa mdomo. Anainua nyundo. Mara moja, maana yake nimekusikia. Mara mbili, maana yake nakuja.

Miaka nenda miaka rudi, Bibie, kama alivyomwita mkewe, alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, anashona foronya za mito huku anamsemesha. Hadithi zake hazikuwa na breki. Halafu moyo ukamchoka. Daktari akasema asiinuke ovyo, akalazwa chumbani. Sasa karakana iko mbele, inatazama barabara. Chumba kiko nyuma kabisa, na katikati kuna sebule na ukumbi mwembamba wa kupita mtu mmoja. Sauti ya Bibie ilikuwa imepungua, nzi angemshinda kelele. Nyundo ikilia, hasikiki.

Binti yao ndiye aliyeleta dawa. Yuko ng'ambo, kazi yake kutunza wazee wa watu wengine. Akawalipia intaneti ya nyumbani, kisanduku cheupe chenye taa za kijani kikafungwa sebuleni, akatuma na simu mbili za kioo kikubwa.

"Baba, asubuhi mpigie mama simu ya video, usiikate mpaka jioni. Yako itundike karakanani, yake isimame kwenye stuli kando ya kitanda. Mtaonana mchana kutwa kama zamani."

"Tupigiane simu na tunaishi nyumba moja?" Misumari alicheka mpaka akakohoa. "Majirani si watasema tumenuniana?"

"Waseme. Kifurushi chenyewe kinaitwa Bila Kikomo. Ongeeni mpaka mchoke."

Wakaongea. Simu ya Misumari ilining'inia kwenye msumari mbele ya meza yake, waya wa chaji umeingia ukutani, na humo ndani Bibie amelala ubavu anamtazama. "Misumari, hicho kitambaa cha maua ni cha nani? Mwambie mwenye kiti macho yake yana kasoro." Nyundo juu mara moja. "Misumari, nina kiu, na mdogo wangu kanogewa na tamthilia za mtandaoni huko sebuleni, hanisikii." Nyundo juu mara mbili, na Misumari anatema misumari kiganjani na kwenda. Akazoea mpaka akasahau kuwa ile ni simu. Aliitazama kama mtu anavyotazama dirisha. Nani anayejiuliza kama dirisha linasema kweli?

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali. Misumari alikuwa akivalisha mgongo wa kiti kikubwa cha mkono. Akainua macho, akamwona Bibie ameinua vidole kidogo juu ya shuka, mdomo umefunguka nusu, macho yake kwake. Sura hiyo aliijua. Ndivyo alivyokuwa akianza mzaha. Akainua nyundo mara moja: sema, nasikia. Akapigilia. Akatazama tena, mdomo vilevile. Leo mzaha ni mrefu, akawaza, anaupika kwanza. Akainua nyundo tena. Akageuza kiti, akavuta kitambaa upande wa pili.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa Bibie, alipopiga yowe huko nyuma.

Misumari akatazama simu. Bibie yuko peke yake kitandani, ametulia, vidole juu ya shuka, anamtazama. Hakuna mtu mwingine chumbani. Yowe likaja tena, lile la mtu aliyeshika kitu cha baridi, na kwenye kioo bado Bibie yuko peke yake, mdomo nusu wazi, yuko tayari kuchekesha. Alikimbia ukumbi ule na misumari mdomoni. Alipofika mlangoni akamkuta shemeji amemkumbatia dada yake, anamtikisa, na shingo ya Bibie inafuata kila upande inakopelekwa.

Picha ilikuwa imeganda. Hilo alikuja kuelezwa baadaye, watu wakiwa wamekaa mikekani. Kampuni ya intaneti ilikuwa imeibana laini. Eti nyumba ile inatumia mno, imepita kiwango, basi kasi ikateremshwa hadi ya kobe bila hodi. Taarifa walituma, naam, kwa simu ya binti, kwa kuwa ndiye aliyejiandikisha. Binti alikuwa kazini, anamlisha mzee wa watu supu. Wakubwa ndivyo walivyo. Kamba wanaikaza wao, shingo ni ya kwako, na barua wanampelekea jirani.

Baada ya mazishi Misumari alirudi karakanani akamkuta mkewe bado yuko pale msumarini. Simu haikuwa imekatika. Vidole juu ya shuka, mdomo nusu, macho kwake. Hakuthubutu kugusa kioo. Alikwenda chumbani, hakuangalia kitanda, akahakikisha tu kuwa simu ya kwenye stuli ina chaji, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni. Tangu hapo akawa analala kwenye makochi ya wateja.

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja, na alimwambia shemeji yake waziwazi. Kulikuwa na neno. Mdomo haukufunguka bure. Bibie alikuwa na neno, likanaswa njiani, na yeye Misumari hafi wala haikati simu ile mpaka alisikie.

"Shemeji, hiyo ni picha," alisema yule mama. Kila mchana alikuja na chakula kwenye bakuli lenye kifuniko. "Ni kama ile ya kwenye kitambulisho. Utaingoja picha ya kwenye kitambulisho iseme?"

"Ya kwenye kitambulisho haisogei."

"Na hii?"

Misumari aliinuka. Akachukua chaki yake, ile bapa ya kuchorea kitambaa, akamwonyesha kioo. Pale ncha ya kidole cha Bibie ilipokuwa ikiishia, alikuwa amechora mstari mwembamba. Sasa kidole kilikuwa kimeupita mstari.

"Chaki hufutika," alisema shemeji.

"Basi chora wewe."

Akachora, kwa dharau, kwenye kona ya mdomo. "Haya. Na ukiacha kulala kwenye makochi ya watu nitashukuru. Mwenye kochi akija kulichukua atakubeba na wewe, aseme kumbe limekuja na mto."

Siku kadhaa zikapita kabla shemeji hajakumbuka kuangalia. Bakuli lilikuwa mkononi. Aliliweka chini polepole, akajifunika mtandio kichwani kama aliyeingia msibani upya. Kona ya mdomo ilikuwa imevuka chaki yake, na meno mawili ya chini yalikuwa yameanza kuonekana.

Hakutania tena. Siku hiyo aliondoka bila hata kuchukua bakuli lake.

Misumari hakuogopa. Alikasirika. Kwa hesabu yake mambo yalikuwa wazi: kampuni ilikuwa imemshika Bibie huko kwenye mabomba yao, na sasa ilikuwa ikimwachia tone kwa tone, kama mfereji wa mwenye nyumba mchoyo. Kwa mwendo huo, mwakani angepata neno zima. Angesubiri. Subira alikuwa nayo, hana kazi nyingine ya maana.

Lakini binti naye alikuwa na mapenzi yake. Alipiga kwa simu ya shemeji, sauti inakatikakatika. "Baba, hiyo laini yenu imebanwa hata mimi sikuoni. Nimekulipia kifurushi kikubwa. Kesho mchana kampuni watazima kisanduku kutoka hukohuko ofisini na kukiwasha upya, kila kitu kitakuwa chepesi."

"Watazima?"

"Kidogo tu, baba. Kufumba na kufumbua."

"Ukizima, simu zilizo wazi zinakuwaje?"

"Zinakatika. Utapiga tena."

Misumari alimrudishia shemeji simu yake, akavaa shati lake la kutokea, akaenda ofisini.

Ofisi ilikuwa na baridi ya kutengenezwa na viti vya plastiki. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya familia inacheka mbele ya kompyuta, na juu yake maneno BILA KIKOMO, kila herufi kubwa kama mlango. Binti wa dirishani alimsikiliza kwa adabu, akabonyeza, akakunja uso.

"Baba, mnaishi wangapi hapo?"

"Mimi na vivuli."

"Maana laini yako inatumia sana. Kila mwezi unamaliza kiwango katika siku za mwanzo tu, tunakubana, na bado unaendelea. Kuna kifaa ndani kinatuma picha mfululizo."

"Kiko chumbani kwangu. Nimekifungia."

"Kinatuma picha ya nini?"

"Wewe ndiye mwenye kompyuta, mama. Niambie."

Yule binti alicheka kidogo, kisha akaona mzee hacheki. Misumari akamwuliza jambo lililomsumbua: kutoka chumbani hadi karakanani ni hatua za kuhesabika, kizuizi kiko wapi hasa? Yule binti akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba picha haipiti ukumbini. Inatoka chumbani, inaingia kwenye kisanduku, inakwenda kwenye mitambo iliyo ng'ambo ya bahari, ndipo inageuza na kurudi karakanani.

Misumari alishika ukingo wa dirisha. "Ina maana siku ile mke wangu alitoka chumbani, akavuka bahari, ndipo aje kuniambia neno?"

"Picha yake, baba."

"Akarudi mpaka mlangoni kwangu, mkambana."

"Si sisi, ni mfumo. Ukipita kiwango, mfumo wenyewe—"

"Niitie mkubwa wa mfumo."

Mkubwa alitoka ndani, tai imemkaba, simu sikioni. Alisikiliza nusu. "Mzee, kila mteja ana kiwango chake cha haki. Mkitumia mno mnawabana wengine. Imeandikwa kwenye mkataba."

"Hapo ukutani mmeandika bila kikomo."

"Hilo ni jina la kifurushi."

"Jina?"

"Jina tu la biashara, mzee."

Watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Kama jirani yangu anayeitwa Tajiri, kila jioni anakuja kuomba chumvi." Wakacheka, hata mlinzi akacheka. Mkubwa hakucheka. Misumari naye hakucheka.

"Basi nakuomba kitu kimoja," alisema. "Msizime kisanduku changu kesho. Nibaneni hivyohivyo. Sitaki kasi. Kuna mtu wangu humo ndani hajamaliza kusema."

Mkubwa alimtazama kama watu wa ofisini wanavyomtazama mtu aliyefiwa. "Mzee, kesho tunazima na kuwasha mtaa mzima kwa mkupuo mmoja. Mfumo hauwezi kumruka mtu." Akarudi ndani, na mlango ukajifunga wenyewe taratibu, hata kubamiza haukubamiza.

Binti wa dirishani aliona haya kwa niaba yake. "Baba, angalau nibadilishe namba ya kupokea taarifa. Isiende tena ng'ambo. Nipe ya nyumbani."

Misumari alijua namba moja tu kwa kichwa, na haikuwa yake. Akaitaja. Namba ya Bibie.

Kesho yake hakufungua karakana kwa wateja. Aliufunga mlango wa barabarani, akaketi kwenye kile kiti kikubwa cha mkono, ambacho mwenye nacho hakuja kukichukua aliposikia kilikuwa kinavalishwa saa ileile Bibie alipokufa. Simu ilikuwa msumarini mbele yake. Shemeji alikuja bila bakuli. Alivuta kigoda cha marehemu, akakaa mlangoni mwa ukumbi, mahali anapoziona taa za kijani za kisanduku.

"Nisingekuwa nimekaa na tamthilia zangu," alisema ghafla, "pengine kiwango kisingejaa siku ile."

"Nyamaza, shemeji. Uliuziwa bila kikomo ukatumia bila kikomo. Usiwabebee mzigo wao, wana magari."

Wakakaa. Jua lilisogea juu ya sakafu. Kwenye kioo mdomo wa Bibie ulikuwa umefunguka robo tatu, mistari miwili ya chaki imebaki nyuma ya kidole na mdomo kama alama za maji yaliyopungua. Misumari alijaribu kuusoma. Ulikuwa mdomo wa kutaka maji? Wa kumwita? Alikuwa amejifunza kila mkunjo wake, na bado hakuwa na hata herufi moja.

"Taa zinapepesa," alisema shemeji.

Wakubwa walikuwa wamefungua laini kabla ya kuzima. Ndivyo mitambo yao inavyofanya pengine, au pengine ilikuwa bahati, ambayo haikosi kuwapo hata kwa maskini. Bomba lililobanwa miezi yote liliachiwa kwa punje ya muda, na kila kilichokuwa kimekwama ndani yake kikaja kwa pamoja.

Kwanza ilikuja sauti ya nyundo. Ko, ko, ko. Misumari alitazama mikono yake, ilikuwa mitupu. Ilikuwa nyundo yake ya siku ile, kama ilivyosikika kutoka kitandani, ndogo, ya mbali, inapita ukutani. Ko, ko. Halafu picha ikaruka. Vidole vya Bibie vikainuka kabisa kutoka kwenye shuka, vikaja mbele, vikagonga kioo kwa ndani, kama mtu anayegonga dirisha la jirani.

"Misumari," alisema Bibie.

Shemeji alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Misumari, mbona umeganda?" Sauti ilikuwa ileile ya chini, ya kukosa pumzi, na ilikuwa na hofu. Haikuwa ya mzaha hata kidogo. "Nakuona umeinama tu. Nyundo naisikia, wewe husogei. Baba wee, una nini? Inua nyundo nikuone."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa neno. Karakanani, siku ile, yeye alimwona mkewe ametulia akadhani yuko salama. Chumbani mkewe alimwona mumewe hasogei, akadhani ndiye aliyepatikana na jambo. Moyo uliokatazwa kushtuka ulishtuka kwa ajili yake. Walikuwa wametazamana hivyo, kila mmoja anamngoja mwenzake atikisike, na katikati yao kulikuwa na bahari, kwenda na kurudi, na mkubwa mwenye tai.

"Inua nyundo, Misumari."

Nyundo ilikuwa kwenye meza. Aliidaka, akainuka kitini, akaiinua juu ya kichwa chake kwa nguvu mpaka bega likalia. Mara moja. Mdomo wake haukuwa na misumari, na bado hakuweza kusema. Akaishusha, akaiinua mara ya pili, akaishikilia hukohuko juu.

"Shemeji, taa zimezimika," alisema yule mama.

Kioo kikawa cheusi. Humo ndani ulibaki uso wa mzee mwenye ndevu, na mistari miwili ya chaki.

Alisimama hivyo mpaka mkono ukachoka. Halafu akautoa ufunguo mfukoni, akapita sebuleni, akapita ukumbini, nyundo bado mkononi, maana ukishainua mara mbili umeshasema unakuja. Kufuli lilikuwa limeingia kutu. Chumba kilinuka dawa ya kupaka na vumbi. Shuka lilikuwa kama lilivyoachwa. Kwenye stuli simu ya Bibie ilikuwa inawaka, ikitazama kitanda.

Humo ndani alikuwamo yeye. Si yule wa siku ile, aliyeinama, mwenye misumari mdomoni. Alikuwa huyu wa leo, wa ndevu za msiba, mdomo wazi, nyundo juu ya kichwa. Ameganda. Ishara yake ilikuwa imefika.

Misumari aliketi kitandani, upande wake wa zamani, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake. Nyuma yake, godoro, ambalo alilishona kwa mikono yake na kulijua kila uzi, lilibonyea kidogo, kama linavyobonyea mtu akigeuka kumpisha mwingine nafasi. Hakugeuka kutazama. Sebuleni, shemeji aliita kwamba taa zimerudi, zote za kijani, hazijawahi kuwaka vizuri namna ile.

Simu ya kwenye stuli ikalia mara moja. Ujumbe ukashuka kutoka juu, mweupe, ukafunika nyundo, kisha uso, kisha picha yote.

*Mteja wetu mpendwa, kasi yako imerejeshwa. Sasa zungumza na uwapendao Bila Kikomo.*

Aliusoma polepole, herufi kwa herufi, kama alivyosoma kila kitu.

"Leo," alimwambia aliyekuwa nyuma yake, "wamekumbuka kukuarifu."